Printa ya zawadi inakula faida yote, na aliyenipa ni shemeji yangu

BARUA

Shikamoo dada. Naomba usiandike jina langu maana ndugu wa mume wangu wako sana kwenye simu na nikijulikana nitakuwa nimeharibu zaidi kuliko ilivyo sasa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Singida, nina fremu ndogo ya steshenari karibu na ofisi ya kata na shule ya sekondari. Nauza madaftari, kalamu na bahasha, natoa kopi, naprinti, naskani, napiga passport. Msimu wa kuomba mkopo wa chuo ndo fremu inajaa, watoto wanajaza fomu, nawaprintia, wanakimbia serikali ya mtaa kugongewa muhuri, wanarudi naskani, yani wakati huo napata hela ya kueleweka. Hii kazi naipenda dada, ndo kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho naweza kusema hiki changu.

Wakati naanza mtaji ulikuwa mdogo sana. Mdogo wake mume wangu ana duka la vifaa vya kompyuta Kariakoo, akaniletea printa mpya ikiwa kwenye boksi lake, ile ya katriji mbili, moja nyeusi moja ya rangi, inaprinti, inaskani, inatoa kopi. Dukani kwake alikuwa anaiuza laki na nusu, mimi akanipa bure kabisa. Mama mkwe alikuwepo siku hiyo akaishika akaiombea, wote tulifurahi.

Sasa kilio changu ni wino. Zile katriji zilizokuja ndani ya boksi ziliisha haraka mno nikahisi labda nimebonyeza kitu vibaya. Nikamwambia shemeji akanitumia nyingine kwa basi. Nyeusi ni 38,000 na ya rangi 45,000, hapo bado hela ya parcel. Zote mbili ni 83,000, ukinunua seti mbili tu umeshapita bei ya printa yenyewe! Karatasi moja naprinti kwa 300, wanafunzi nawafanyia 200, passport nne 2,000. Rimu nanunua 12,000. Jioni nikifungua boksi la hela naona kuna kitu, ila siku katriji ikiisha hela yote inaondoka na saa nyingine nachomoa hadi ya madaftari nijazie. Na inaisha hata wiki ambayo sijaprinti sana, hilo silielewi kabisa.

Kuna kijana huwa anapitisha vifaa kwenye steshenari akaniuzia katriji ya 15,000, akasema inaingia kwenye printa yangu. Kweli ikaingia, ikafanya kazi vizuri tu, nikasema Mungu ni mwema. Alafu siku moja mtoto wa jirani anayejua kompyuta akaja kunirekebishia laptop, printa ikawa imeunganishwa na intaneti, ikajiapdeti. Kuanzia hapo ikaikataa ile katriji, inaandika kwamba sio ya kampuni. Shemeji nilipomwambia akanijibu "shem, hizo feki zitakuulia mashine, tumia orijino". Nikarudi kwenye 38,000.

Mwenzangu kwenye kikoba ana steshenari upande wa stendi, yeye ana printa ya chupa, anamimina wino tu kama anavyomimina mafuta kwenye taa, na anasema chupa moja anasahau hata lini alinunua. Inauzwa laki sita. Kikoba wanaweza kunikopesha kwa riba ya asilimia kumi nirudishe kwa miezi sita. Nikamwambia mume wangu. Akaniuliza unataka kumdhalilisha mdogo wangu, printa bado mpya hiyo, watu wakija wakiona umeweka nyingine watasemaje. Sijui nani akampelekea mama mkwe maneno, akanipigia simu, hata salamu hakunipa, akasema shukrani ya punda ni mateke, akakata. Dada, niliumia.

Na kitu kingine kinanisumbua moyoni na sijamwambia mtu. Nimeanza kuwaza kwamba shemeji alinipa ile printa akijua nitakuwa nanunua katriji kwake maisha yote. Sitaki kumfikiria hivyo, ni mtu mwema, ada ya mtoto wangu wa kwanza aliwahi kutulipia. Ila kila nikimtumia hela lile wazo linarudi.

Nifanyeje? Nichukue mkopo wa kikoba kimya kimya ninunue mashine, wakija kujua iwe imeshakuwa? Niendelee hivi hivi kulinda heshima ya familia? Au niache kuprinti nibaki na madaftari na kalamu? Nisaidie dada, usiku silali vizuri.

Mama wa Fremu, Singida

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole. Barua yako nimeisoma nikarudia, maana ndani yake naona shida mbili zimefungwa kwenye furushi moja. Ya kwanza ni mashine inayokula zaidi ya inachozalisha. Ya pili ni heshima, yani zawadi, shemeji, mume, mama mkwe, na lile neno la punda ambalo kwa kweli kukatiwa simu namna ile kunauma. Nadhani usingizi unakukimbia kwa sababu kila ukitaka kuigusa ya kwanza unaona umeigusa ya pili. Nitajaribu kuzitenganisha, ila uamuzi utabaki wako na wa nyumba yako.

Tuanze na mashine. Unasema jioni unaona kuna kitu kwenye boksi la hela. Hebu chukua kalamu. Katriji nyeusi ndogo za aina hiyo nyingi zinakadiriwa kutoa kurasa 120 hivi, ile ya rangi kama 100, angalia boksi lako litakwambia lenyewe, na hizo ni kurasa zenye maandishi machache, sio fomu iliyojaa mistari na visanduku. Sasa gawa 38,000 kwa 120. Unapata zaidi ya shilingi 316 kwa ukurasa mmoja, wino peke yake. Weka karatasi, rimu ya 12,000 yenye karatasi 500 ni shilingi 24. Umefika 340. Na wewe unaprinti kwa 300, mwanafunzi kwa 200! Kama yako ni hiyo ya kurasa 120 basi kila fomu unayomprintia mtoto wa shule unamwongezea na hela yako mfukoni, na msimu ule unaoona una biashara kubwa ndo unaumia zaidi. Ile hela ya jioni ni hela ya katriji ijayo ambayo bado hujailipia.

Passport je? Hapa nilitegemea hesabu iwe mbaya zaidi ikawa kinyume. Picha nne ndogo zikiwekwa pamoja hazifiki hata robo ya karatasi ya A4. Hata wino wa rangi ukiwa ghali, nikikadiria kwa juu, ni kama elfu moja hivi pamoja na kipande cha karatasi ya picha, na unauza 2,000. Kwa hiyo inawezekana kabisa mashine yako hiyohiyo inakupa faida kwenye kazi moja na kukunyonya kwenye nyingine. Hili litatusaidia huko mbele.

Kuhusu wino kuisha bila kuprinti, hujakosea kitu. Hizi printa za wino kila zikiwashwa huwa zinajisafisha vile vitundu vya kutolea wino, na zinasafisha kwa wino wenyewe. Ile katriji ya rangi nayo ina rangi tatu kwenye kopo moja, njano ikiisha unatupa na nyekundu na bluu zilizobaki. Na katriji zinazokuja ndani ya boksi la printa mara nyingi huwa zina wino mdogo kuliko za kununua. Yote hayo mtu anayeangalia bei ya laki na nusu dukani hayaoni.

Sasa lile wazo linalorudi kila ukituma hela. Umejiuliza kama shemeji aliyapanga. Niseme ninachokijua. Mtego upo, na umepangwa, ila umepangwa mbali sana na Kariakoo. Makampuni ya printa yanauza mashine kwa bei ya chini, saa nyingine kwa hasara, wakijua faida iko kwenye wino. Hata hawafichi. Januari 2024 aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa HP wakati huo, Enrique Lores, akihojiwa na kituo cha televisheni cha CNBC alieleza kwamba mteja akinunua printa kampuni inahesabu kuwa imewekeza kwa huyo mteja, na kama haprinti vya kutosha au hatumii wino wao basi ule ni uwekezaji mbaya. Sisemi mashine yako ni ya hao, hukutaja na sikuulizi, natoa mfano wa mtu aliyesema hadharani. Huko Marekani wamefika hadi wino wa kulipia kwa mwezi kama king'amuzi, ukisitisha malipo katriji inazimwa kwa intaneti hata kama ina wino ndani na iko mezani kwako.

Hiyo apdeti iliyokupata nayo ina historia. Septemba 2016 watu wengi duniani waliamka wakakuta printa zao za HP zinakataa katriji za makampuni mengine ambazo jana yake zilikuwa zinafanya kazi. Kelele zilikuwa kubwa, na Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 10, ikisema wateja hawakuelezwa vizuri kabla ya kununua. Marekani nayo Mahakama ya Juu ilishaamua mwaka 2017, kwenye kesi ya kampuni ya Lexmark, kwamba katriji ikishauzwa kampuni haiwezi kutumia hataza yake, yani haki yake ya uvumbuzi, kumzuia mtu mwingine kuijaza na kuiuza tena. Lakini mahakama ikikuruhusu, chipu, kile kidude cha umeme kwenye katriji ambacho printa inakisoma, bado inaweza kukukatalia, na wewe umeliona hilo hapo kwenye fremu yako.

Kwa hiyo mtu mwenye duka la rejareja anaweza kuwa amenasa palepale uliponasa wewe. Yeye anapokea bei ya jumla anaongeza chake kidogo. Inawezekana anakupa katriji kwa bei aliyonunulia na hajakwambia kwa sababu hataki kuonekana anajisifu. Inawezekana pia anaongeza faida kama kwa mteja mwingine yeyote, na hilo nalo si dhambi, ni duka. Je umewahi kuuliza bei ya katriji hiyohiyo kwenye duka jingine, Singida au Dodoma? Simu moja tu ingekujibu. Nakuuliza kwa upole mdogo wangu, maana dhana ikikaa moyoni muda mrefu inaanza kuonekana kama ushahidi, na huyu ni mtu aliyelipa ada ya mwanao.

Na wewe usijione huna shukrani kwa kupiga hesabu. Alipokupa hakukupa kwa masharti kwamba ibaki mashine pekee hadi ife. Yeye alitaka uanze, na umeanza.

Neno moja kuhusu "feki", maana shemeji ameliweka kwenye fungu moja na mambo mengine. Kuna katriji orijino. Kuna za kampuni nyingine zinazoendana na mashine yako, zenye jina lao wenyewe kwenye boksi, hizo ni halali hata kama printa inanuna. Na kuna za bandia, zimeandikwa jina la kampuni kubwa kumbe sio zao, hizo ndo Tume ya Ushindani, FCC, inazifuatilia na kuziteketeza. Ile ya 15,000 ilikuwa ipi? Angalia boksi kama bado unalo. Kuna na ya nne ambayo ni orijino iliyojazwa upya kwa bomba la sindano. Hii mara nyingi haikataliwi kwa sababu chipu yake ni ya kampuni, itakuandikia tu kwamba wino umeisha, unabonyeza kuendelea. Ila ikijazwa vibaya inavuja, na wino wa kubahatisha unaziba vitundu, na hiyo fomu ya mkopo ya mtoto wa watu ikitoka na mistari myeupe utairudia kwa karatasi yako.

Njia ulizonazo naziona hivi.

Kubaki na mashine hii peke yake inawezekana kwa masharti. Ungepandisha bei ya kuprinti, na hapo swali ni kama wa upande wa stendi mwenye chupa atakuacha upandishe, watoto wa shule wanajua kuhesabu. Ungetafuta katriji kubwa, zile zenye alama ya XL, bei yake iko juu ila kwa ukurasa huwa inashuka, kama mashine yako inazipokea. Ungezima kujiapdeti. Ungejaribu kujaza orijino zako kwa fundi anayejua. Yote haya yanapunguza maumivu, ila sina uhakika yanamaliza.

Printa ya chupa ni njia yenye nguvu, na ina hadithi inayofanana na yako. Kule Indonesia watu wenye vibanda kama chako walichoka na katriji wakawa wanaunganisha mirija na chupa za wino pembeni ya printa wenyewe, hadi kampuni ya Epson ikaona bora iwatengenezee za chupa kutoka kiwandani, wakazianzisha hukohuko mwaka 2010. Wengine wakafuata. Hesabu yake ni tofauti kabisa, chupa nyeusi moja inakadiriwa kurasa 4,500, kama ni shilingi 30,000 hapo kwenu basi ukurasa ni kama shilingi 7. Saba, dhidi ya 316.

Ila ngoja usikimbie. Bei ya mashine ni laki sita, na riba ya kikoba inafanya 660,000, kwa miezi sita ni 110,000 kila mwezi. Ukichukua wastani wa 250 kwa ukurasa, toa wino na karatasi, unabaki na 219. Unahitaji kuprinti kurasa kama 500 kwa mwezi, yani karibu 20 kila siku ya kazi, ndo marejesho yatoke kwenye printa yenyewe bila kugusa madaftari. Msimu wa mkopo wa chuo hizo 20 ni za asubuhi tu. Je Desemba shule zikifungwa? Jibu unalo wewe, na kama huna, weka daftari uandike kila ukurasa unaotoka kwa muda kidogo kabla ya kusaini chochote. Kama ukiamua kukopa, marejesho yakiangukia kwenye msimu itakusaidia sana.

Nayo ina magonjwa yake. Ikikaa bila kutumika wino unakauka kwenye vitundu. Ndani ina sponji inayopokea wino wa kusafishia, likijaa mashine inagoma hadi fundi aibadilishe na kuriset, na fundi huyo muulizie yuko wapi kabla hujanunua. Ukiibeba kwenye bodaboda ikalala ubavu wino unamwagika ndani. Chupa za bandia nazo zimejaa.

Njia ya tatu ni ile hesabu ya passport iliyonifungua macho. Mashine ya shemeji ibaki palepale ifanye passport na kuskani, kuskani hakuli wino hata tone, alafu kazi nyeusi ya fomu na notsi iende kwenye printa ya leza, hata iliyotumika, inayotumia tona ya unga. Tona inaweza kujazwa na ukurasa unakuwa wa bei nafuu sana kuliko katriji, na unga haukauki ukikaa. Hatari yake ni kwamba ukinunua iliyotumika huna garanti, inavuta umeme mwingi inapopasha moto, na tona za siku hizi nazo zina chipu, kwa hiyo mwambie muuzaji aichape mbele yako kwa tona iliyojazwa. Lakini angalia inavyofanya kwenye ile shida ya pili. Mumeo aliogopa watu wataona zawadi imewekwa kando. Hapa zawadi iko mezani na inafanya kazi inayoiweza.

Kuacha kuprinti kabisa sijui. Madaftari yananunuliwa na nani kama yule aliyekuja kuprinti hayupo? Labda unao wateja wa madaftari tu, hilo unalijua kuliko mimi.

Sasa mkopo wa kimya kimya. Naelewa wazo limetoka wapi, umeshaongea ukazimwa. Fikiria tu mambo mawili. Vikoba vingi vinataka wadhamini miongoni mwa wanachama, ukichelewa marejesho wao ndo wanabanwa, na watakuja hadi mlangoni. Na printa mpya haifichiki kwenye fremu ambayo mumeo anapita. Siku akiiona, mazungumzo hayatakuwa tena kuhusu wino, yatakuwa kuhusu kwa nini ulimficha, na pale hata hesabu yako nzuri haitasikilizwa. Wapo wanawake waliofanya hivyo biashara ikawaokoa, siwezi kusema haijawahi kufanya kazi. Ila gharama yake uiweke kwenye hesabu kama unavyoweka karatasi.

Mumeo alisikia nini ulipomwambia? Nadhani alisikia "zawadi ya mdogo wako ni mbovu". Sijui kama amewahi kuona ile hesabu ya 340 dhidi ya 200. Mwanaume anayeogopa aibu ya familia anaweza kuwa mtu tofauti akionyeshwa kwamba kila fomu inatoa hela nyumbani kwake. Mwonyeshe daftari, usimwonyeshe printa ya mwenzako. Chagua siku ambayo katriji haijaisha, ili isionekane unalalamika.

Na shemeji ungemweka wapi? Wewe umemuweka upande wa pili wa kesi. Mimi naona anaweza kuwa mtu anayeujua mtego huu kuliko sisi wote, maana wateja wanarudi kumlalamikia kila siku. Ungeweza kumpigia na kumwambia shem, mashine yako imenifikisha hapa, sasa fomu zimekuwa nyingi katriji haiwezi, wewe ungekuwa na fremu yangu ungeweka nini? Hapo umemshukuru, na umempa nafasi ya kukushauri. Huenda akakuletea ya chupa kwa bei ya jumla ukalipa kidogo kidogo, ukakwepa riba. Huenda akasisitiza katriji orijino, na hapo utakuwa umejua kitu ambacho sasa hivi unakikisia. Hatari ipo, kukopa kwa ndugu kunaweza kukufunga kuliko riba ya kikoba, hasa wewe ambaye tayari unajisikia unadaiwa shukrani. Ukienda huko, muandikishane bei na tarehe kama anavyoandikishana na mteja mwingine.

Mama mkwe muache kwanza. Alisema akiwa amesikia nusu. Mumeo akishaiona hesabu, ni yeye mtoto wake atakayeweza kumweleza mama yake, wewe ukienda na maelezo leo itaonekana unajitetea.

Nimekuandikia mengi na najua fremu inakusubiri. Ukishaongea nao, mmoja au wote, niandikie shemeji amesema nini, na nitumie na hizo kurasa ulizozihesabu kwenye daftari, tuzipige hesabu tena tukiwa na namba zako zenyewe.